Kamba Iliyomvuta Ng'ombe wa Shija

Nimeliona tangazo lenu. Limenifikia kwenye simu kupitia magrupu matatu: la ukoo, la jumuiya ndogondogo, na lile la wastaafu ambalo siku zote ni picha za maua na salamu za asubuhi njema. "Wikendi ya Kupanda Mwamba! Nyama choma, mbuzi wawili, pilipili za aina tatu. Muziki mnene. Picha za droni. Fulana za kufanana. Kamba ipo."

Hongereni. Mbuzi wametajwa idadi, pilipili zimetajwa aina, na fulana nasikia mmebishania rangi siku nne. Kamba, ambayo ndiyo itakayowashika viuno mkiwa hewani, imepewa maneno mawili, mwishoni kabisa, baada ya fulana. Nilisoma mara tatu nikidhani miwani yangu imechafuka.

Kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nimeamua kujibu.

Mimi ndiye Mama Deo, yule mnayemfahamu kwa bata wake wanaofunga njia ya kwenda Kivukoni. Kabla ya bata nilikuwa na kazi. Kwa miaka kumi na minne nilipanga safari za wikendi za kupanda miamba, kutoka ofisi ndogo hapa Ifakara ambayo leo ni saluni. Tulipeleka watu kwenye njia rahisi na za wastani tu: walimu, manesi, watafiti wa mbu, mabwana shamba, na wachumba waliotaka kupimana ujasiri kabla ya kupeleka barua ya posa. Hatukuvunja rekodi yoyote. Tuliwarudisha watu makwao Jumamosi jioni wakiwa na magoti yaliyochubuka na hadithi ndefu kuliko jiwe lenyewe. Wote walirudi, na mimi nilitembea mjini kifua mbele kwa sababu hiyo, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa sita ambapo nusura nimuue Mwalimu Tekla kwa neno moja nililolitamka Ijumaa. Nitafika huko. Mtanivumilia kidogo, maana hata mbuzi wenu hawajachinjwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bonifasi. Alikuwa mrina asali kutoka Masagati, huko mbele ya Mlimba, na ofisi ilimchukua kwa sababu alikuwa mtu pekee tuliyemjua aliyewahi kupanda mwamba huku anafukuzwa na nyuki. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa karani wa stoo kwenye mashine ya mpunga na nilijua kuandika orodha. Mwenye ofisi, kijana mwenye matumaini makubwa, aliamini kwamba sisi wawili tukijumlishwa tunatoa mtaalamu mmoja.

Kijana huyo alileta kitabu chenye namba na herufi za kupimia ugumu wa njia. Mzee Bonifasi alimsikiliza kwa adabu zote, akashukuru, kisha akaendelea na kipimo chake. Njia rahisi ni ile ambayo mtu anapanda huku anapiga soga. Njia ya wastani ni ile ambayo soga inakatika. Njia ngumu ni ile ambayo mtu anaanza kusali, na hiyo, alisema, sisi hatuiuzi, kwa sababu pa kusalia ni kanisani. Nimepanga safari zote kwa kipimo hicho na hakijawahi kunidanganya.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kuisalimia kamba. Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka. Kila Ijumaa saa kumi alasiri mzee yule alikaa kwenye benchi la ofisi, akavua viatu, akabana ncha ya kamba kwa vidole vya mguu, akafumba macho, kisha akaipitisha yote, mita sitini, kati ya kidole gumba na cha shahada. Polepole. Ungeweza kupika wali ukaiva na yeye bado yuko katikati. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Sitafuti. Nasalimia," alisema. "Mtu akitoka safari unamwambia 'upo?' halafu basi? Si unamuuliza za huko, za nyumbani, za kazi? Na hii vilevile. Ikiwa na lake, itaniambia."

Enzi za asali kamba yake ilikuwa inalala uvunguni mwa kitanda. Panya akiionja usiku mmoja tu, jicho halioni kitu, lakini kidole kinajua. Ndiyo maana neno "ipo" kwenye tangazo lenu limenikaa kooni. Sawa, ipo. Hata panya alikuwepo.

Sasa mambo ya kupanga, maana nasikia kamati yenu ina watu tisa na mwenyekiti wa burudani. Ukitaka gari liondoke saa kumi na mbili asubuhi, waambie watu saa kumi na moja. Hapo utaondoka saa moja kasoro na utamshukuru Mungu. Msipange Jumapili. Sisi tulijaribu mara moja. Nusu walikwenda misa ya kwanza, nusu ya pili, na mmoja ni mwanakwaya akaimba zote mbili. Tulifika kwenye jiwe saa saba mchana, ungeweza kukaangia mayai. Angalieni viatu kabla gari halijawashwa. Nimewahi kumpokea bwana mmoja wa benki amevaa vile vya ngozi vyenye ncha, akaniambia anapandia hivyohivyo ngazi za ofisini kila siku na hajawahi kuteleza. Na chakula kizito kiliwe baada ya kupanda. Mtu aliyeshiba nyama akining'inia kichwa chini, nyama hiyo hurudi ilikotoka, na anayeshika kamba ndiye aliye chini yake.

Halafu kuna akina mama wa mpunga. Jiwe letu kuu liko kijiji kimoja mbele ya Mchombe, upande wa milima, na wenyeji wanaliita Jiwe la Kuanikia. Chini ni pana na bapa, na mwezi wa sita lote linakuwa la dhahabu kwa mpunga ulioanikwa. Mgeni akishuka kwenye gari anaona uwanja mzuri wa kuwekea mabegi. Akina mama wanaona kiatu chenye matope kikikanyaga chakula cha mwaka mzima. Kwa hiyo unapiga simu Alhamisi, unasalimia, unauliza mavuno, unauliza wajukuu, na mwisho kabisa unaomba ujia wa hatua mbili katikati ya mpunga. Droni yenu, nawashauri kama mzazi, isije ikarusha upepo pale. Kutoka juu itapiga picha nzuri sana za ninyi mkikimbizwa na mafagio.

Basi, Alhamisi ya wiki ile ya Mwalimu Tekla. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuongea na akina mama, Shija akaingia mbio bila hata kubisha. Shija ni jirani yetu, Msukuma, kila mama kwake ni 'mayu', alikuja bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, na siku zile alikuwa anasomba mpunga wa watu kwa mkokoteni.

"Mayu! Ng'ombe anazama!"

Ng'ombe wake mwekundu alikuwa ametumbukia kwenye mfereji nyuma ya ofisi, tope mpaka mabegani. Kamba mbili za katani zilikuwa zimeshakatika. Wanaume kama kumi walikuwa wamezunguka wakitoa ushauri, ambao kwa bahati mbaya hauvuti. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa anasomesha watoto wa Shija.

Hapa kwetu mtu akija mbio kwamba ng'ombe wake anazama, humwambii ajaze fomu. Niliinua mkono, nikaishusha kamba ya kupandia kwenye msumari, nikampa. Hilo silijutii mpaka leo. Walimfunga ng'ombe, wakavuta, kamba ikapita kwenye ukingo wa zege wa mfereji, ikasuguka huku na huku, na baada ya kelele nyingi ng'ombe akatoka amekasirika lakini mzima. Nilishangilia na wenzangu.

Ijumaa asubuhi Shija aliirudisha. Vijana, kamba ile ilipendeza. Alikuwa ameifua mara mbili kwa sabuni ya mche, akaianika juu ya bati, akaizungusha vizuri kuliko tulivyowahi kuizungusha sisi, akaifunga kwa kipande cha khanga. Na kibuyu cha mtindi juu yake.

"Haina hata chembe ya tope, mayu," alisema, anatabasamu.

Nikashukuru, nikanywa mtindi, nikaitundika kamba kwenye msumari wake.

Sheria niliijua. Nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito na kuibandika ukutani: kamba iliyofanya kazi nyingine haipandishi mtu. Lakini tulikuwa na kamba mbili tu, na ile ya pili ilikuwa imekwenda na kundi jingine upande wa Mahenge. Nikisema ukweli, safari ya Jumamosi inakufa. Na mimi nilikuwa na kitu kimoja nilichopenda kuwatambia watu: sijawahi kuahirisha safari. Nilikisema ofisini, sokoni na hata kwenye misiba. Sasa niahirishe kwa sababu ya ng'ombe?

Mwaka ule vidole vya Mzee Bonifasi vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na kazi ya kusalimia alikuwa ameniachia mimi. Ijumaa saa kumi alipita ofisini na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Mama Deo, umeisalimia?"

"Nimeisalimia."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake. Neno lenyewe ndilo hilo. Nilijiambia kwamba si uongo kamili, kwa kuwa nilikuwa nimeiangalia na inang'aa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili, na mimi siku ile nilikuwa wakili, shahidi na hakimu.

Jumamosi tulikwenda watu saba na Mzee Bonifasi. Mwalimu Tekla alikuwemo, kama kila mwezi. Alifundisha hesabu sekondari, mwanamke mwembamba, mdomo wake haupumziki. Alipanda njia moja tu, ileile ya katikati: nusu ya chini rahisi, mpaka kwenye kijukwaa cha jiwe ambapo mtu anaweza kusimama kwa miguu miwili, halafu nusu ya juu ya wastani. Mwalimu hakuwahi kuipita nusu ya kwanza. Alifika kwenye kijukwaa, akatazama juu, akasema "Sitaki makuu," nikamshusha. Mwaka mzima.

Kwa wasiojua, na naona kamati yenu imo humo: kamba inatoka kwa anayepanda, inakwenda juu kwenye pete za chuma zilizofungwa karibu na kilele, inarudi chini kwa anayeshika. Anayepanda akipanda, mimi navuta ile inayolegea. Akiteleza, naibana kwa kifaa kilichofungwa kiunoni mwangu, anabaki amening'inia. Akitaka kushuka, naiachia polepole irudi juu.

Mwalimu alijifunga, akanusa.

"Mama Deo, kamba yenu leo inanukia zizi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Akapanda, anasimulia habari za mwanafunzi aliyeandika jibu la hesabu kwa shairi. Mimi navuta. Alipokuwa anakanyaga kijukwaa, kitu kikapita kwenye vidole vyangu. Kipande cha urefu wa kiganja, laini, bapa, kama muwa uliokwisha kutafunwa. Kikapita kwenye kifaa changu cha kubania na kuingia upande wangu wa chini. Juu ya ngozi ya kamba hapakuonekana kitu. Sabuni ilikuwa imefanya kazi nzuri.

Nilielewa mara moja. Nikimshusha Mwalimu, kipande kile kitarudi juu, kipite kifaa, na chenyewe ndicho kitabeba uzito wake. Na kama kimeniambia kimoja, vingine vingapi viko huko juu kwake ambavyo sijavigusa?

"Haya, nishushe," alisema Mwalimu. "Sitaki makuu."

Akishuka mwenyewe bila kamba, mguu hauoni pa kukanyaga; pa kutokea palikuwa juu tu, kileleni, ambako kuna njia ya nyuma ya kurudi kwa miguu. Nilikuwa na njia ya kukwepa hata hapo. Ningeweza kusema leo jaribu kwenda juu, unaweza, watu wangepiga makofi, na siri ingebaki yangu. Lakini mtu anayedhani ameshikwa hujiachia. Anaegemea kamba, anapumzika, anajaribu hatua ya kubahatisha. Ilibidi ajue hana kitu nyuma yake. Nikamtazama Mzee Bonifasi aliyekaa kando ya mpunga, nikamtazama Mwalimu, nikapaza sauti mbele ya wote.

"Mwalimu, usiegemee kamba! Shika jiwe! Siwezi kukushusha. Kamba imeharibika, na mimi ndiye niliyeileta. Ilimvuta ng'ombe juzi!"

Akina mama wa mpunga waliacha kufagia.

"Ng'ombe wa nani?" sauti ikatoka juu.

"Wa Shija!"

"Alitoka?"

"Alitoka!"

"Basi na mimi nitatoka," alisema, lakini sauti ilikuwa imepasuka.

Mzee Bonifasi aliinuka kwa fimbo yake. Hakunitazama. Alianza kumwelekeza namna ya kupanda, mguu wa kulia kwenye ufa, mkono kwenye ukingo ulio kama sikio, usiharakishe, kichaka kiko kushoto usikishike hicho ni mwongo. Mimi niliendelea kuvuta kamba kwa vidole vilivyokuwa vinahesabu: kipande kingine laini kikapita, na kingine. Nilikuwa naisalimia hatimaye, na ilikuwa inaniambia yote.

Kwa kipimo cha mzee, pale ndipo soga hukatika. Ya Mwalimu haikukatika. Alipanda nusu yote ya wastani akiongea mfululizo, na mada ilikuwa mimi. Aliitaja tabia yangu, akili yangu, bata wangu wa baadaye nadhani pia. Mguu mmoja uliteleza karibu na pete za chuma, mawe madogo yakaangukia mpunga, na mama mmoja akapiga magoti palepale. Kisha tukaona tumbo la Mwalimu likipita ukingoni, nyayo mbili, halafu hakuna kitu. Akapaza sauti kwamba amekaa, ameukumbatia mti, na mti una siafu lakini yeye hauachi.

Nilikaa chini nikalia. Mzee Bonifasi alikuja akasimama mbele yangu.

"Ulisema umeisalimia," alisema. Ningependa angenitukana. Mwalimu aliporudi kwa miguu kupitia njia ya nyuma, mzee alichukua kisu akaikata kamba yote vipande vipande mbele ya watu. Kimoja alinipa mimi. Ndiyo ile kamba yangu ya kuanikia nguo mnayoiona.

Mwenye ofisi alitaka tuseme palitokea hitilafu ndogo ya vifaa. Nikamwambia ilitokea hitilafu kubwa ya Mama Deo, na nikaiandika hivyo ukutani, juu ya ile sheria yangu. Shija alikuja ameinamisha kichwa, anauliza kama sabuni ndiyo mbaya. Nikamwambia sabuni haina kosa, wala yeye, wala ng'ombe. Yeye aliomba msaada akapewa. Mimi ndiye niliyejua na kunyamaza. Toka siku ile nimeahirisha safari nyingi, na nikawa natamba kwa hilo pia, maana tabia haiishi.

Mwalimu Tekla hakurudi mwezi uliofuata, wala ule wa baada yake. Tulikutana sokoni akanipita. Mnajua alivyolelewa, mtu wa kumpa shikamoo hata dereva wa bodaboda mwenye mvi mbili. Akanipita. Iliniuma kuliko ambavyo ningeweza kuwaeleza.

Halafu Ijumaa moja, saa kumi, aliingia ofisini. Kamba mpya ilikuwa kwenye msumari na nilikuwa nimekwisha kuisalimia mara mbili. Aliishusha mwenyewe, akakaa kwenye benchi la Mzee Bonifasi, akavua viatu vyake vya shule, akabana ncha kwa vidole vya mguu, akafumba macho. Mita sitini. Nilisimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Chai ilipoa, wateja wawili walichungulia wakaondoka. Ncha ya mwisho ilipomtoka vidoleni, akafumbua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Shikamoo, Mama Deo," alisema.

Kwa hiyo, vijana wangu, Ijumaa saa kumi nitapita hapo kwa kamati yenu, bata wakiniruhusu. Msihangaike kunitafutia kiti wala kunionjesha pilipili. Na msiinuke kunipa shikamoo. Nipeni kwanza kamba.